Nani asafishe boksi la mende? Bafalo, dermestidi, kolembola na isopodi ana kwa ana

Ukishafuga dubia, wale mende wa kulishia mijusi, kwa muda lazima utafika hapa tu: boksi limejaa, trei za karatasi za mayai ya kuku wanamojificha zimekuwa nyeusi, chini kuna vumbi la kinyesi limechanganyika na magamba waliyojivua, na kila ukifunua unakuta mzee mmoja wawili wamelala chali miguu juu. Hapo ndo watu wanaanza kukwambia weka wasafishaji, yaani vidudu vingine vya kula uchafu humo ndani, na ukiingia kwa wauzaji wa huku Marekani na Ulaya unakuta vikopo vya kila aina, bafalo na dermestidi ambao ni mbawakavu, kolembola wale vidudu vyeupe vya kuruka, isopodi weupe, isopodi wa rangi ya chungwa, na kila kikopo kinajinadi kwamba kazi yako imeisha. Wengi wanabeba kile cha bei rahisi au kile jamaa yao anacho. Mi naona maswali ni mawili tu, boksi lako lina unyevu kiasi gani, na hao wadudu wakitoroka wataenda kula nini humo ndani kwako. Ukijibu hayo umeshachagua.

Ila kwanza tuelewane jambo moja maana muuzaji hatakwambia. Hakuna hata mmoja kati ya hawa atakayekuondolea kinyesi. Wanakula mizoga, wanakula magamba, wanakula mabaki ya karoti na pumba, wengine wanakula ukungu, basi. Lile vumbi la chini litabaki palepale, tena litaongezeka kwa sababu na wao wanakula na wao wananya. Kwa hiyo chekeche lako usilitupe, na barakoa usiitupe pia, maana vumbi la mende linachokoza pumu na mzio kwa watu wengi na ukilizoea mwaka wa kwanza haina maana mwaka wa tatu litakuacha salama.

Kavu au bichi?

Dubia (Blaptica dubia) ni mende wa Amerika Kusini, mkubwa wake anafika sentimita nne na kitu, hapandi kuta laini, anataka joto la nyuzi 28 mpaka 35 hivi ili azae vizuri, na anazaa watoto wakiwa hai, hatagi kifuko cha mayai akakiacha chini. Boksi la dubia la kawaida ni plastiki tupu, trei zimesimamishwa wima, hakuna udongo, juu kuna tundu limezibwa kwa wavu. Ndani ya boksi kama hilo lenye joto na hewa, mende akifa anakauka kama dagaa wa juani, haozi, hanuki, unaweza kumkuta baada ya mwezi yuko vilevile. Maana yake kazi ya kusafisha mizoga ni ndogo mno, na ukitaka kusema ukweli boksi dogo la mtu mwenye mjusi mmoja wawili halihitaji msafishaji yeyote. Unaokota kwa mkono, unachekecha kila baada ya miezi michache, maisha yanaendelea.

Boksi bichi ni habari nyingine. Hapo naongelea lile lenye udongo au maganda ya nazi chini, la mende wanaotaka unyevunyevu kama wale kijani wadogo wa Panchlora, au dubia wa mtu anayewamwagia matunda kila siku bila kuangalia hewa inatoka wapi. Humo mzoga unaoza, tunda linaota ukungu, utitiri wa nafaka unaingia, yaani ule unga mweupe unaotembea pembeni ya bakuli la chakula. Humo msafishaji ana kazi ya kweli.

Na kuna boksi la tatu, lile linalotoa harufu kali ya mkojo ukifunua. Hilo usiliwekee mdudu yeyote. Hiyo ni amonia, inamaanisha kinyesi kimelowa au mende wamezidi nafasi, dawa yake ni kutoa vumbi lote, kuongeza hewa na kupunguza maji. Ukitupia bafalo humo umeongeza midomo tu.

Bafalo

Huyu ndiye anayetajwa kuliko wote kwa boksi kavu. Ni mbawakavu mdogo mweusi, Alphitobius diaperinus, milimita sita hivi, na mabuu wake ni wale funza wembamba wa kahawia wa sentimita moja. Wanapenda joto lilelile la dubia, wanapenda ukavu uleule, wanaishi ndani ya vumbi la chini hawakusumbui juu kwenye trei, na ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi yai limeshakuwa mdudu mzima kwa hiyo hutakaa uwanunue mara ya pili. Kwenye ukuta laini wa plastiki hawapandi vizuri. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba mabuu wake ni chakula, mjusi kafiri yule wa madoadoa ya chui anawala vizuri tu, na hata binadamu wanawala, Januari 2023 Umoja wa Ulaya uliwaruhusu rasmi kuuzwa kama chakula cha watu. Kwa hiyo bafalo akiingia pamoja na mende unaowatupia mjusi, hakuna kilichoharibika.

Sasa ubaya wake. Bafalo anakula chakula kilekile cha mende. Ukiwa mtu wa kujaza bakuli la pumba mpaka pomoni na kusahau siku nne, utajikuta baada ya muda unafuga bafalo wenye mende kidogo, sio mende wenye bafalo. Na wakishakuwa wengi na mizoga imeisha wanaanza kuangalia vilivyo hai, hasa mende anayejivua gamba, maana pale anakuwa mweupe na laini hawezi kukimbia wala kujitetea mpaka ngozi ikauke. Hapo ndo unaanza kuona mende wenye mabawa yaliyotafunwa.

Halafu mabuu wakitaka kugeuka pupa wanatoboa kitu cha kujifichia. Kwenye mabanda makubwa ya kuku huko Marekani hawa ni adui kabisa, wanatoboa foamu ya kuzuia baridi ukutani mpaka inakuwa matundu matundu. Kwa hiyo kama umelivika boksi lako foamu nyeupe ili lisipoteze joto, na wengi wetu wa nchi za baridi tunafanya hivyo, hakikisha foamu iko nje ya plastiki na haigusani na vumbi.

Wafugaji wa kuku nyumbani mnamjua huyu mdudu hata kama jina hamlijui, ni vile vyeusi vinavyokimbia ukigeuza maranda kwenye banda la broila. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu lazima atasema ah, kumbe wako bure bandani kwa mjomba, ngoja nichote. Usichote. Bafalo wa bandani anabeba bakteria wa salmonela na anaweza kubeba virusi vya Marek, yale mahepe, kwa hiyo ukimtoa kwa kuku ukamtia kwenye mende halafu hao mende ukawarudishia kuku au ukampa mjusi, umetengeneza njia nzuri sana ya ugonjwa kupita. Chukua kwa mtu anayewafuga kwenye pumba safi vizazi na vizazi, au usichukue.

Dermestidi

Dermestes maculatus, huyu ndo fundi wa mizoga haswa, hakuna wa kumfikia. Field Museum ya Chicago na makumbusho mengine wanamtumia kusafisha mifupa, unaweka mnyama aliyekaushwa, mabuu yenye manyoya yanakula nyama yote mpaka unabaki mfupa mweupe bila kuvunja hata kiungo kidogo. Kwa mende waliokufa kwenye boksi kavu ni kazi ndogo sana kwake, analiacha gamba tupu.

Lakini angalia hao wenye makumbusho wanamweka wapi, chumba cha peke yake, mlango umefungwa, mbali na mikusanyiko ya wanyama waliokaushwa, maana akifika huko ni maafa. Wewe unataka kumweka sebuleni. Huyu mdudu anakula ngozi, manyoya, sufu, pembe, nyama kavu, samaki mkavu. Wanaofanya biashara ya samaki wakavu Ziwa Victoria na Tanganyika wanamjua, ndiye yule anayegeuza gunia la samaki likawa unga na maganda. Sasa fikiria nyumba ya Mswahili ughaibuni, kuna ngoma ya ngozi ukutani imeletwa kutoka nyumbani, kuna zulia la sufu, kuna mfuko wa dagaa na papa mkavu kabatini umeletwa na shangazi akija kutembea. Hiyo kwake ni karamu.

Na anatoroka kweli. Mkubwa ana mabawa, boksi likipata joto anaruka, na joto la dubia ndo hilohilo la kumrusha. Mabuu nayo yakitaka kugeuka pupa yanatafuta pa kutoboa, trei za karatasi, mbao, foamu, hata plastiki laini ikikaa vibaya. Trei zako za mayai zitakuwa mbovu haraka zaidi. Mjusi naye hamtaki, mabuu yana manyoya, yanamkera mdomoni, na yale manyoya na magamba yake yakichanganyika kwenye vumbi yanakuwasha na wewe ngozi na macho unapochekecha.

Mbona basi watu wanamtumia? Kwa sababu anafanya kazi, na kwa mtu mwenye mabanda makubwa ya mende, maboksi kadhaa kwenye chumba cha nje au gereji, ambako mizoga ni mingi kila wiki na mkono mmoja hautoshi, anaokoa muda mwingi. Kwa huyo sina neno. Kwa mtu mwenye boksi moja chini ya meza ya televisheni, hapana, sioni faida yoyote inayolingana na zulia la mke wako.

Kati ya hawa wawili wa kavu basi, bafalo anashinda nyumbani na dermestidi anashinda shambani. Kuwachanganya wote boksi moja ninavyoona haina maana, kazi ni moja, mwenye kuzaana haraka zaidi kwa chakula chako ndo atabaki.

Kolembola

Hawa ni vidudu vyeupe vya milimita mbili au chini ya hapo, vinaruka ukivigusa, na wengi wanaouzwa ni Folsomia candida. Wote ni majike, wanazaa bila dume, kwa hiyo hata wachache wanatosha kuanzisha kundi. Wanafugwa kwenye kopo la vipande vya mkaa na maji kidogo chini, unawatupia punje ya mchele au hamira, wanaongezeka wenyewe. Ukitaka kuwahamisha unamimina maji, wanaelea, unawamwagia unapotaka. Rahisi kuliko hapo hakuna.

Kazi yao ni ukungu. Mzoga mkubwa wa dubia hawauwezi, wanakula kile kinachoota juu yake. Na kwa sababu wanagombania chakula kimoja na utitiri wa nafaka, kundi kubwa la kolembola linausaidia kuubana ule utitiri usifike mahali pabaya, ingawa usitarajie waufute kabisa, utitiri unaondoka ukipunguza unyevu na chakula kilichobaki.

Tatizo moja tu, ukavu unawaua. Mtu anamimina kopo zima kwenye boksi la dubia kavu lenye nyuzi 32, kesho yake hamna hata mmoja, anasema ameuziwa wadudu wabovu. Hawakuwa wabovu, aliwakausha. Lakini ukavu huohuo ndo unaokulinda wewe, maana kolembola akitoka nje ya boksi haendi popote, nyumba ya kawaida ni kavu kwake, anafia hapohapo. Kwa swali la wakitoroka je, hakuna mpole kumzidi.

Isopodi

Hawa sio wadudu ukitaka kubishana, ni jamaa wa kaa na kamba waliohamia nchi kavu, na bado wanapumua kwa viungo vinavyotaka unyevu, ndo maana unawakuta chini ya mawe na magogo. Kwenye mende wanatumika sana aina mbili. Wale weupe wadogo, Trichorhina tomentosa, milimita tatu nne, nao wanazaa bila dume, wanaishi chini kabisa ya udongo huwaoni, wapole, hawamgusi mtu. Halafu kuna Porcellionides pruinosus, wanaouzwa kwa rangi ya chungwa au ya bluu yenye vumbi vumbi, hawa wakubwa kidogo wanafika sentimita moja, wepesi, wanazaana sana, na wanavumilia ukavu kuliko ndugu zao, ila bado wanahitaji kona moja yenye unyevu wa kudumu.

Isopodi anakula tunda lililooza, majani, magamba, na mzoga uliolainika. Kwa boksi la udongo, weupe pamoja na kolembola ndo timu inayotosha, mmoja anakula kikubwa mwingine anakula ukungu wake. Wa rangi ya chungwa mi ningewaweka kwa mende wakubwa tu wenye nafasi, kwa sababu wakizidi wanamaliza chakula, na isopodi wakubwa wenye njaa ya protini wanaweza kumtafuna anayejivua gamba kama bafalo tu. Kuna aina kubwa zaidi za Porcellio zenye sifa ya ulafi wa protini, hizo ziache kwenye terariamu zake zenyewe, yaani boksi lake la kioo peke yake.

Faida ya pembeni, isopodi ana kalsiamu nyingi mwilini, na mijusi wengi wanawala. Mdudu anayesafisha na analika sio wa kumdharau.

Kama mende wako sio dubia

Hapa watu hawaangalii. Mende wa Turkestan, wale wekundu wenye mbio ambao mijusi inawapenda sana, hawazai watoto hai, wanatoa kifuko cha mayai wanakiacha chini kwenye vumbi. Na chini kwenye vumbi ndiko bafalo na dermestidi wanakoishi. Mimi nisingeweka mbawakavu yeyote kwenye boksi la hao, unawawekea mayai mezani. Okota mizoga kwa mkono, vumbi likizidi hamisha vifuko kwenye kikopo cha kuangulia chenye unyevu kidogo, na humo kwenye kikopo kolembola wachache wanafaa kuzuia ukungu.

Mende wa Madagaska wanaolia sss ukiwagusa, hao wana msafishaji wao wa kuzaliwa naye, utitiri mdogo unaoishi mwilini mwao na kula mabaki na mate yanayobaki kwenye ngozi. Watu wakiuona wanakimbilia kuwaosha mende. Waacheni, hauna shida na mende na hauhami kwenda kwa mjusi.

Ningechagua hivi

Dubia kavu, boksi moja, mjusi mmoja au wawili: hamna msafishaji, chekeche na mkono. Dubia kavu, maboksi makubwa ndani ya nyumba: bafalo, chakula kinachoisha ndani ya siku moja mbili, foamu nje. Maboksi mengi kwenye banda la nje lisilo na samaki mkavu wala ngozi karibu: dermestidi, juu funika kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo sana, sio kitambaa cha chandarua, watakitoboa. Boksi la udongo lenye unyevu: kolembola na isopodi weupe, usiwachanganye na bafalo kwa sababu mmoja anataka bichi mwingine anataka kavu na utamkosesha mmoja raha kila utakachofanya. Na popote ulipo angalia sheria ya hapo kwanza, maana kuna nchi dubia wenyewe tu ni mgogoro, na usithubutu kupakia kikopo cha wadudu kwenye begi uende nao nyumbani bila kibali.

Ukianza na bafalo weka wachache, kijiko kimoja kikubwa cha mabuu na wakubwa mchanganyiko kinatosha kwa boksi la kawaida, halafu wasubiri, miezi miwili ya kwanza utaona kama hawafanyi kitu. Dalili kwamba wamezidi ni hii: ukiweka kipande cha karoti usiku na asubuhi ukikuta chini yake kumejaa funza kuliko watoto wa mende, punguza. Kuwachekecha ni kazi ngumu kwa sababu mtoto wa dubia aliyezaliwa jana ana ukubwa sawa na buu la bafalo, vyote vinapita tundu moja. Njia rahisi ni kuinua trei moja moja pamoja na mende waliomo, ukazihamishia boksi safi, mende wengi wanakaa juu kwenye trei na bafalo wengi wanabaki chini kwenye vumbi. Vumbi lililobaki usilimwage nje kwenye bustani hivihivi, lina mayai na mabuu wazima, lifunge kwenye mfuko uliweke kwenye friza siku kadhaa ndo ulitupe au ulitie kwenye mbolea.